Vita vya Nagashino, Kama Alivyovisoma Josias

Josias aliosha magari katika yadi moja ya Jacobs, Durban. Magari yalishuka melini yakitoka Japani, yakapangwa kwa mamia juu ya kokoto, yakingoja madereva wa kuyapeleka Zambia, Malawi na Kongo. Kazi yake ilikuwa kuondoa chumvi ya bahari kwenye bodi, kufuta viti, na kutoa kila kitu ambacho mwenye gari alikisahau. Alikuta miavuli, kanda za muziki, soksi za watoto, hirizi za kitambaa zilizoning'inia kwenye kioo, na safari moja meno ya bandia yaliyofungwa vizuri ndani ya leso. Kanuni ya yadi ilikuwa kuvitupa vyote kwenye pipa na kuvichoma kila Ijumaa. Msimamizi hakujali mtu akijichukulia kitu kabla ya Ijumaa, mradi kisiwe redio.

Ndivyo alivyokipata kitabu, mwezi wa pili mwaka 1998, chini ya kiti cha nyuma cha basi dogo jeupe. Kilikuwa kitabu cha picha, nadhani cha watoto wa shule, kuhusu vita vya zamani vya Wajapani. Majalada yote mawili yalikuwa yamechanika. Maandishi yalishuka kutoka juu kwenda chini, na hapakuwa na mtu kwetu aliyeweza kuyasoma.

Kwetu ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu huko Point, katika nyumba ambayo lifti yake ilikufa kabla hajafika hata mmoja wetu. Mimi nilipanga chumba cha nyuma. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Sebule iligawanywa kwa pazia. Upande wa dirishani alilala Josias, na upande wa mlangoni Achille, shemeji yake, aliyefanya kazi katika duka la simu kule chini mtaani. Jumapili wakirudi kanisani, pazia lilivutwa pembeni na sebule ikawa ya wote.

Kabla ya vita Josias alikuwa mpiga picha Uvira, mashariki ya Kongo. Alikuwa na studio ndogo yenye pazia la bluu, na maharusi wa mtaa mzima walisimama mbele ya pazia hilo. Oktoba 1996, risasi zilipoanza kusikika karibu na mji, alimpandisha mke wake Epiphanie kwenye lori lililokuwa likielekea Bukavu. Yeye akabaki siku moja afunge studio na kuzifukia kamera uani. Alimwambia, "Nitakufuata kesho." Kesho yake barabara ilikuwa imefungwa. Akavuka ziwa akaingia Kigoma, akakaa kambini, kisha akashuka kusini nchi baada ya nchi mpaka Durban, ambako Achille, kaka yake Epiphanie, alikuwa ametangulia. Haya alinieleza mara moja tu, kwa sentensi chache kama hizi, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Kitabu, kinyume chake, alikieleza kila Jumapili na kwa raha zote. Alisema mpiga picha hahitaji maneno. Ukimpa picha mia moja za harusi zilizochanganyika, atakupangia harusi nzima. Alikiweka mapajani, akakifungua kama tunavyofungua vitabu vyetu, akaanza. Msikilizaji wake mkubwa alikuwa Ameir, Mzanzibari aliyeuza kofia na mikanda soko la Warwick Junction, ambaye alidai anakuja kwa ajili ya chai ya maziwa.

"Voilà, ukurasa wa kwanza," Josias alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Vita imekwisha. Farasi wamelala, watu wamelala. Na huyu mwenye kofia ya pembe, Mzee Pembe, iko chini ya farasi wake."

"Kafa huyo," Ameir akasema.

"Hapana. Ngoja."

"Macho kayafumba, mshale shingoni, wewe waniambia ngoja! Basi nami nikifa msinizike, yakhe. Mniambie ngoja tu."

"Wewe ukikufa tutapitisha chai karibu na pua, utaamka mwenyewe." Akafunua ukurasa. Mzee Pembe alikuwa juu ya farasi, mkuki mkononi, mdomo wazi. "Alors? Iko amelala?"

"Eish," Ameir akasema. "Kaamka kweli."

Na ndivyo hadithi ilivyoendelea. Kila Josias alipofunua, watu waliosimama waliongezeka na waliolala walipungua. Kulikuwa na uzio wa miti, na nyuma yake watu wenye bunduki ndefu waliojificha katika moshi. Josias alieleza kwamba Mzee Pembe, alipozinduka, alirudi kwenye uzio ule mara kwa mara kuwatoa rafiki zake mmoja mmoja. Ndiyo maana kila ukurasa wenziwe walikuwa wengi zaidi. Kisha moshi ukaisha. Wazee wanne wenye silaha za vita walikaa chini kwenye nyasi, wakapokezana kikombe cha maji.

"Wanamshukuru Mungu," Josias alisema. "Wamepona. Mtu akipona anataka maji tu, hataki pombe. Mimi najua."

Mwisho kabisa kulikuwa na nyumba yenye lango la mbao. Mzee Pembe alikuwa juu ya farasi mbele ya lango, na mwanamke aliyevaa vazi refu alikuwa ameshika hatamu ya farasi huyo, uso ameuinua kumtazama. Hapo Josias alipunguza sauti. "Amefika. Mke wake anamshikia farasi ashuke."

Ameir aliwahi kumuuliza kuhusu namba, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na namba kwenye pembe, na zilianza mia moja na kumi na mbili, zikashuka mpaka moja.

"Ni kilomita," Josias alimjibu bila kufikiri. "Hujaona vibao vya barabarani? Zimebaki mia na kumi, zimebaki mia na tisa. Mtu anarudi nyumbani. Lazima ajue zimebaki ngapi."

Ameir aliridhika. Nami niliridhika, au niliona ajabu nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kushika kitabu cha Kijapani, na Josias alikuwa mtu ambaye siku sita za wiki hakucheka.

Mwezi wa sita alikuja Yvette. Alikuwa jirani yao Uvira na alipanda lori lilelile na Epiphanie. Alifika amekonda sana, akapewa nafasi chumbani kwangu. Siku ya kwanza, kabla hata ya kuvua koti, alimwambia Josias kwamba Epiphanie alifariki kwenye njia ya msituni ya Shabunda, na kwamba yeye ndiye aliyemzika.

Josias alikuwa amesimama na birika mkononi. "Uliona uso?" aliuliza.

"Niliuona, Papa Josias. Nilikuwa naye."

"Njaa inabadilisha sura. Watu walikuwa wengi kwenye njia ile." Akammiminia chai, akamsogezea sukari, akatoka kwenda kufua shati.

Tangu hapo, kila Yvette alipofungua mdomo kuhusu safari ile, Josias alipata kazi ya kufanya nje. Nilimwambia Yvette anieleze mimi, kama ingemsaidia. Alikataa. "Sitaweza kuyasema mara mbili," alisema. "Nimeyaweka kwa ajili yake."

Aliyeteseka zaidi alikuwa mama yake Epiphanie, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyebaki Uvira. Habari zilimfikia mwezi wa tano kupitia watu waliorudi. Siku hiyohiyo alishusha godoro, akatandika mkeka sakafuni kama wanavyofanya wafiwa kwao, akalala hapo. Kwa desturi yao, mume ndiye hukaa chini kwanza, ndipo siku za matanga zianze kuhesabiwa. Mpaka mume akae, matanga hayana siku ya kwanza wala ya mwisho, na mama mzazi hawezi kurudi kitandani. Yvette alipokwisha kufika ndipo Achille alipozipata habari zake, kwa simu kupitia ndugu aliyekuwa Bujumbura. Kila wiki ndugu huyo alisema vilevile: bibi yuko chini, na kifua kinambana.

"Shemeji," Achille alimwambia Josias Jumapili moja, "mama analala kwenye simenti mwezi wa pili sasa. Anakohoa damu."

"Mwambie apande kitandani. Mtoto wake hajakufa."

"Atapandaje? Wewe hujakaa."

"Mimi sikai."

"Kaa siku tatu tu! Nakuomba. Hata kama huamini. Kaa kwa ajili ya mama."

"Achille, nikikaa chini mimi, ni mimi nimemuua. Umesikia? Siyo vita, siyo njia. Ni mimi." Kisha akachukua kitabu kutoka dirishani, akakifungua kwenye picha ile ya Mzee Pembe na farasi. "Angalia. Huyu pia walisema amekufa. Walimhesabu na maiti. Mais lakini aliamka."

"Huyo ni Mjapani wa karatasi!" Achille alipiga kelele. "Mama yangu ni mtu!"

Alimnyang'anya kitabu akataka kukitupa nje ya dirisha. Ameir akamshika mkono. Josias hakupigana. Alinyoosha tu viganja, akangoja mpaka aliporudishiwa.

Jumatano iliyofuata, katika maktaba ya chuo, nilitafuta vitabu vya historia ya Japani. Sikuwa na nia ya kumsuta mtu. Nilitaka kujua Mzee Pembe alikuwa nani. Katika kitabu cha tatu nilikutana na uzio uleule wa miti na bunduki zilezile, na jina chini yake: Nagashino, mwaka 1575. Nilisoma kurasa zake zote nikiwa nimesimama. Mwanzoni mwa kitabu hicho mwandishi alikuwa ameeleza kwamba Wajapani hufungua vitabu vyao kutoka kulia. Mahali tunapoona mwisho ndipo mwanzo wao.

Nilikaa na jambo hili siku kumi na moja. Nilijua kwamba nikinyamaza, bibi atazidi kulala kwenye simenti. Nilijua pia ningekuwa namnyang'anya nini Josias. Ningependa kuandika kwamba niliamua kwa busara. Ukweli ni kwamba Jumapili ya pili Achille alirudi kutoka dukani amekunja uso, akasema bibi sasa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Josias, badala ya kujibu, akafungua kitabu. Sauti ikanitoka.

"Papa Josias, kitabu hicho kinaanzia upande wa pili."

"Ee!" Ameir akasema. "Mademoiselle leo kazungumza!" Kisha akatutazama usoni, na akaacha kucheka.

Josias alinitazama bila hasira. "Upande gani?"

"Mwisho ndio mwanzo. Namba siyo kilomita. Ni kurasa tu, moja, mbili, tatu. Nimesoma habari zake chuoni."

"Nionyeshe."

Nilikaa kando yake nikakigeuza kitabu mapajani mwake. Nilianza na ukurasa wenye namba moja: lango, farasi, mwanamke ameshika hatamu. Nikamwambia kwamba jina la Mzee Pembe sikulipata, ila bwana wake aliitwa Takeda Katsuyori. Baba yake alikuwa mpiganaji aliyeogopwa sana, akafa, akamwachia jeshi na wazee wa jeshi. Kijana akaenda kuizingira ngome ya Nagashino. Oda Nobunaga akaja kuiokoa na watu wengi kuliko wake, zaidi ya mara mbili. Akajenga uzio wa miti mbele ya kijito na kuweka bunduki nyuma yake. Wale wazee wakamwambia kijana warudi nyumbani. Akakataa.

Josias alifunua mwenyewe mpaka kwenye wazee wanne na kikombe. "Na hapa?"

"Hapa ni kabla ya vita. Inasimuliwa kwamba waliona kesho hawatapona, wakanywa maji pamoja kuagana."

"Wanajua?"

"Wanajua."

"Na wanaenda?"

"Bwana wao ameamua."

Akafunua. Sasa kila ukurasa watu waliosimama walipungua. Farasi waliingia kwenye matope ya kijito, wakafika kwenye uzio, moshi ukatoka, na waliokuwa nyuma wakaja juu ya waliokuwa mbele. Nilimweleza kwamba ilianza asubuhi, na mpaka mchana wapanda farasi wa Takeda walikuwa wamelala kwa maelfu. Kijana mwenyewe alikimbia na watu wachache. Sikuhitaji kumweleza ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Aliutazama kwa muda mrefu, mshale ule, macho yale. Mtoto yeyote angeona ni maiti.

Chini mtaani teksi ilipiga honi ikiita abiria wa mjini.

Josias alirudi kwenye ukurasa wa kwanza. "Huyu mwanamke," alisema. "Anaonekana tena wapi?"

"Haonekani tena, Papa."

"Donc kumbe hamshikii farasi ashuke."

"Hapana. Anamuaga."

Aliweka kidole kwenye mkono wa mwanamke, pale uliposhika hatamu. "Mimi nilifikiri mimi ni huyu," alisema, akamgusa Mzee Pembe. "Yule anayerudi. Siku zote nilifikiri hivyo. Mais siku ile mimi sikuenda popote." Kidole kikarudi kwa mwanamke. "Huyu ndiye mimi. Mimi ndiye nilibaki mlangoni. Niliufunga mlango wa lori kwa mkono huu. Nikapiga bodi mara mbili ili dereva aende."

"Shemeji..." Achille alianza.

"Mara mbili, Achille. Alikuwa bado anasema kitu. Sikusikia, kwa sababu ya injini. Nikapiga bodi."

Alifunga kitabu akanipa, kama mtu anayerudisha sahani. Akainama akafungua kamba za viatu, akavua soksi, akavipanga vyote chini ya kiti. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Sakafu ya fleti ile ilikuwa ya vigae, na mwezi wa saba Durban ina baridi yake. Ameir alivua kofia. Achille aligeukia dirisha na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilikuwa nimewahi kuona matanga, nikijua watu huingia na kilio. Josias hakulia. Alipiga kigae cha mbele yake kwa kiganja, mara moja, polepole.

"Yvette, njoo ukae. Anza pale lori lilipoondoka. Usiruke kitu."

Yvette alitoka mlangoni mwa chumba chetu, ambapo alikuwa amesimama muda wote huo. Akakaa chini mbele yake, magoti karibu yaguse nyayo zake, akaanza. Lori lilikwenda siku moja na nusu, likaharibika. Wakatembea. Epiphanie alibeba sufuria na kitenge cha kulalia. Kila walipolala aliandika kwa mkaa kwenye mti au kwenye ukuta, jina lake na mshale wa kuonyesha walikoelekea.

"Aliandika jina lake tu?"

"Jina lake na herufi ya kwanza ya jina lako."

Josias akatikisa kichwa aendelee.

Wiki ya tano homa ilimpata. Walilala siku nne kwenye darasa la shule lisilo na paa. Yvette aliazima jembe kwa watu waliokuwa wakipita, wakampa kwa sharti la kulirudisha kabla jua halijawa kali, kwa hiyo shimo halikuwa refu. Sehemu nyingine alichimba kwa sufuria.

"Nani alikusaidia?"

"Mwanamume mmoja. Sikujua jina lake. Naye alikufa mbele ya safari."

"Siku ya mwisho aliongea?"

Yvette alitazama viganja vyake. Nilidhani ataruka hapo. "Aliuliza kama umefika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia uko nyuma kidogo, unakuja. Nilimdanganya, Papa Josias. Nilimwambia nimekuona."

"Akaamini?"

"Aliniambia nisogee, nisikuzibie njia."

Josias alifumba macho. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, alinyoosha mkono akaushika wa Yvette, ule uliochimba, akaukalisha kwenye goti lake na kuuacha hapo.

Achille alifuta uso kwa mkono wa shati. Akatafuta viatu vyake nyuma ya pazia, akavivaa bila kuvifunga, akashuka ngazi kwenda kupiga simu Bujumbura, ili mama aambiwe kwamba mkwe wake amekaa.